Sumaku Haichimbwi: Mitambo Inavyogeuza Unga wa Metali Kuwa Sumaku ya Kudumu

Aprili 2025 China ilitangaza kwamba aina saba za madini adimu, pamoja na sumaku zenye madini hayo, hazitatoka tena nchini humo bila kibali. Mwezi uliofuata kampuni ya Ford ikafunga kwa wiki moja kiwanda chake cha Chicago kinachounda magari ya Explorer, kwa kuwa sumaku zilikuwa zimeadimika. Suzuki nayo ikasimamisha uundaji wa Swift kule Japani. Tangu hapo sumaku, kitu ambacho wengi wetu tuliachana nacho kwenye somo la fizikia, imekuwa habari kubwa, na huku kwetu mazungumzo yakaelekea Ngualla mkoani Songwe, Tanzania, na Mrima kule Kwale, Kenya, maeneo mawili yenye madini ya aina hiyo. Kauli inayorudiwa ni ileile: sumaku tunazo ardhini, kwa nini tusizitengeneze wenyewe?

Swali ni zuri na linastahili jibu la kweli. Ila limebeba mkanganyiko unaoharibu mjadala mzima. Ngualla hakuna sumaku. Kuna mwamba wenye elementi ambazo, zikishapitia mitambo mingi na kila mmoja na kazi yake, zinaweza kuishia kuwa sumaku. Zikiwa bado kwenye mwamba, elementi hizo hazivuti hata pini. Anayetaka kujua fedha na nguvu za biashara hii ziko wapi, inambidi aifuate mitambo hiyo mmoja baada ya mwingine.

Tuelewane kwanza kuhusu majina

Sumaku ya kudumu ni ile inayovuta chuma bila kuunganishwa na umeme wala betri. Iko kwenye spika, kwenye mpira wa mlango wa friji, kwenye simu, na kwenye injini ya pikipiki ambako inazunguka ili kuzalisha umeme wa taa na wa kuchaji betri. Sumaku ya umeme ni nyingine: ni waya uliozungushwa kwenye chuma, na huvuta pale tu umeme unapopita. Kengele ya shule hutumia hiyo, na kreni za kubebea chuma chakavu pia. Ukikata umeme, mzigo unaanguka.

Madini adimu ni kundi la elementi 17 zinazofanana mno kitabia. Jina lake linapotosha. Neodimiamu, ambayo ndiyo inayosakwa zaidi kwa ajili ya sumaku, imo kwenye ganda la dunia kwa kiasi kisichopishana sana na cha shaba. Taabu yake ni kwamba haikusanyiki mahali pamoja kwa urahisi, na inapokusanyika hukaa imechanganyika na ndugu zake ambao kuwatenganisha ni kazi nzito.

Sumaku za asili zipo, na ndizo mabaharia wa zamani walizotumia kutia nguvu sindano za dira. Ni vipande vya magnetaiti, aina ya madini ya chuma, na chuma cha Liganga kule Ludewa ni cha jamii hiyo. Lakini nguvu yake ni hafifu mno kwa mota ya kisasa.

Sumaku zinazotoka viwandani leo ni za aina nne. Alniko, aloi ya chuma, alumini, nikeli na kobalti, ilianzia kwa Mjapani Tokushichi Mishima mwaka 1931. Feraiti, ile nyeusi ya kwenye spika, ilikuja miaka ya 1950. Samariamu-kobalti ikafuata miaka ya 1960. Ya nne ni ya neodimiamu, chuma na boroni, iliyogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na watu wawili ambao kila mmoja alikuwa akifanya kazi yake mbali na mwenzake: Masato Sagawa nchini Japani, na John Croat katika kampuni ya General Motors nchini Marekani. Hii ya nne ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayopiganiwa.

Kwa nini msumari hauwi sumaku

Kila atomu ya chuma ni kisumaku kidogo. Atomu hizo hujikusanya katika makundi, na ndani ya kundi zote huelekea upande mmoja, lakini kila kundi lina upande wake. Fikiria msikiti kabla ya swala kukimiwa: huyu ameegemea nguzo, wale watatu wameelekeana wanazungumza, yule amegeukia mlangoni. Swala ikikimiwa, wote wanasimama safu wakielekea Kibla. Msumari ukiusogeza karibu na sumaku hupata hali hiyo. Makundi yake yanaelekea upande mmoja na msumari wenyewe unaanza kuvuta pini. Ukiiondoa sumaku, ni kama swala imekwisha, watu wanatawanyika. Sumaku ya kudumu ni safu isiyovunjika hata baada ya salamu.

Kwa hiyo kuna kazi mbili, na watu wengi wanaifahamu moja tu. Ya kwanza ni kuyaelekeza makundi upande mmoja. Hiyo ni rahisi, inahitaji koili, yaani waya uliozungushwa, na umeme mwingi. Ya pili ni kujenga kitu ambacho makundi yake, yakishaelekezwa, yanakataa kugeuka. Karibu kila mtambo ninaoueleza hapa chini unafanya kazi ya pili.

Kutoka mwamba hadi metali

Mwamba husagwa na kuchujwa hadi kupata makinikia, neno ambalo Watanzania tulilizoea mwaka 2017 kwenye sakata la dhahabu. Makinikia ya madini adimu huyeyushwa kwa asidi, kisha hupitishwa kwenye mlolongo wa matangi ambamo maji yenye madini hukorogwa na kimiminika cha jamii ya mafuta. Elementi moja hupenda mafuta kidogo zaidi ya jirani yake, na kila tangi husogeza tofauti hiyo hatua ndogo tu. Ndiyo maana matangi huhesabiwa kwa mamia. Mwishoni hupatikana oksaidi safi, unga usiovuta chochote, ambao nao hutiwa kwenye chumvi iliyoyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,000 na zaidi na kupitishiwa umeme ili metali itengane na oksijeni.

Hapa ndipo China ilipowekeza kwa miongo mingi wakati wengine wakiona ni kazi chafu isiyo na faida, na ndipo inapobana sasa. Gakara nchini Burundi ilichimbwa kuanzia 2017 hadi serikali iliposimamisha uchimbaji mwaka 2021, na kilichotoka kilikuwa makinikia. Kwa Ngualla, ambako serikali ya Tanzania ina hisa za asilimia 16, mpango wa mwanzo ulikuwa kusafishia madini Teesside, Uingereza. Baadaye makinikia yakawekewa mkataba wa kuuzwa kwa kampuni ya Shenghe ya China, na mwaka 2025 Shenghe ikafikia makubaliano ya kuinunua kampuni yenyewe yenye mradi. Mwananchi anayehoji mikataba hii asiishie kuuliza ni tani ngapi zitachimbwa. Aulize kazi ya matangi itafanyika wapi.

Tanuri, haidrojeni na unga unaowaka

Sasa tuna metali. Kuna jambo hapa linalowashangaza wengi: sumaku ya neodimiamu kwa uzito wake ni chuma kwa karibu theluthi mbili. Neodimiamu na nduguye praseodimiamu hazifiki theluthi moja, na boroni ni kama asilimia moja tu. Boroni hiyo kidogo ndiyo inayoruhusu kristali yenye muundo unaotakiwa kujengeka.

Mchanganyiko huyeyushwa ndani ya tanuri lisilo na hewa, kwenye joto linalopita nyuzi 1,400, kwa sababu neodimiamu ikikutana na oksijeni huharibika haraka. Uji huo wa metali humiminwa juu ya pipa la shaba linalozunguka, lenye maji baridi yanayopita ndani yake. Unaganda papo hapo kuwa magamba membamba yasiyofika nusu milimita. Haraka hiyo ina maana. Aloi ikipoa polepole, chuma hujitenga na kufanya mabaka laini, na kila baka laini ni mahali ambapo safu itavunjikia baadaye.

Magamba huingizwa kwenye pipa lililofungwa na kujazwa haidrojeni. Hapa hakuna nyundo wala meno ya mashine. Metali hunywa gesi, huvimba, na hupasuka yenyewe kuwa chenga. Kisha gesi huondolewa kwa joto.

Chenga hupelekwa kwenye kinu ambacho nacho hakina mawe wala mipira ya chuma. Mikondo ya naitrojeni yenye kasi kubwa huzirusha zigongane zenyewe kwa zenyewe hadi kila punje iwe na upana wa mikromita tatu hadi tano; mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu ni kama mikromita 70. Shabaha ni kwamba kila punje iwe kristali moja tu, kwa sababu kristali ya aloi hii ina mhimili mmoja ambao usumaku wake unaupenda, na punje yenye kristali mbili zilizopishana haiwezi kuelekezwa vizuri. Unga huu ni hatari. Ukimwagika kwenye hewa ya kawaida huweza kuwaka wenyewe, kwa hiyo hutembea ndani ya mabomba yaliyojaa naitrojeni, kutoka kinu hadi kwenye kalibu.

Mwelekeo unapoamuliwa

Ningeombwa nichague mtambo mmoja wa kumwonyesha mwanafunzi, ningechagua shinikizo, yaani mashine ya kukandamiza, linalokaa katikati ya sumaku kubwa ya umeme. Unga humwagwa kwenye kalibu ukiwa umelegea. Fundi anawasha umeme, na uga sumaku, yaani nguvu ya sumaku inayoenea kuizunguka, wa kama tesla mbili (tesla ni kipimo cha ukali wa uga) unapita kwenye unga. Punje zote, mabilioni kwa mabilioni, zinazunguka pale zilipo mpaka mihimili yake ielekee upande mmoja. Hapo hapo, uga ukiwa bado umewashwa, shinikizo linashuka na kuzikaza zisigeuke tena.

Huu ndio wakati ambao mwelekeo wa sumaku unaamuliwa maisha yake yote. Kosa la pembe likitokea hapa, hakuna mtambo wa mbele utakaolirekebisha. Baada ya hapo uga hugeuzwa na kupunguzwa makusudi ili kufuta usumaku uliobaki, maana donge lenye nguvu lingenata kwenye kalibu na kukusanya unga pande zote. Donge hilo hukazwa zaidi ndani ya kimiminika chenye mgandamizo mkubwa, lakini bado unaweza kulimega kwa vidole.

Linalofuata ni tanuri lisilo na hewa, kwa saa kadhaa, kwenye nyuzi 1,000 hadi 1,100. Punje haziyeyuki. Kinachoyeyuka ni sehemu ndogo yenye neodimiamu nyingi, ambayo huingia katikati ya punje, huzigandisha pamoja, na donge husinyaa na kuwa gumu. Utando huo mwembamba unaozunguka kila punje ndio siri ya uimara wa sumaku. Unazitenga punje, ili moja ikigeuzwa na joto au na sumaku nyingine, isiiambukize ya jirani. Donge hupashwa moto tena kwa kiwango cha chini zaidi ili utando huo ukae sawasawa.

Likitoka tanurini, donge halivuti chochote. Usumaku wa aloi hii hufutika kabisa ukipita nyuzi 310 hivi, sembuse 1,000. Mihimili ya kristali imebaki palepale ilipopangwa, lakini makundi ya atomu yametawanyika.

Donge hukatwa kwa nyaya au misumeno yenye almasi, husuguliwa, kisha hupakwa nikeli na shaba, zinki, au rangi ya plastiki, kwa sababu lisipopakwa litashika kutu na kumomonyoka. Ukifungua diski ya kompyuta iliyokufa utakuta vipande viwili vilivyopinda vinavyong'aa. Mng'ao ule ni nikeli. Kipande kikivunjika, ndani ni kijivu kisicho na mvuto wowote wa macho.

Donge likishakatwa, kabla ya kupakwa hivyo, huongezwa disprosiamu au teribiamu, nazo za kundi la madini adimu, kwa sumaku zitakazofanya kazi kwenye joto, kama zile za mota za magari ya umeme. Hupakwa juu na kupashwa moto ili zipenye kupitia mipaka ya punje. Na hapa kuna jambo ambalo habari nyingi za 2025 zililipita haraka: neodimiamu haikuwamo kwenye orodha ile ya elementi saba za China. Disprosiamu na teribiamu zilikuwamo. Viwanda vya magari vilikwama kwa ajili ya kiungo kinachotiwa kidogo tu. Ngualla, yenye neodimiamu na praseodimiamu kwa wingi lakini disprosiamu kidogo, isingewaokoa hata kama mgodi ungekuwa unafanya kazi.

Mpigo mmoja

Hatimaye ndipo sumaku inafanywa sumaku. Umeme huhifadhiwa kwenye kapasita kubwa, vifaa vya kutunza umeme kwa muda, kisha huachiwa wote kwa mkupuo kupitia koili nene. Maelfu ya ampea hupita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, uga hufika tesla tatu au zaidi, na makundi yote ya atomu huelekea ule mhimili uliopangwa kwenye shinikizo siku nyingi nyuma. Umeme unakatika, makundi yanabaki.

Mara nyingi mpigo huu hufanyika donge likiwa tayari limegundishwa ndani ya mota, maana kuunganisha sumaku zenye nguvu kamili ni shughuli ya kupondana vidole. Anayesema "tununue mashine ya kutengeneza sumaku" kwa kawaida anaufikiria mtambo huu. Ni wa bei nafuu ukilinganisha na mengine yote, lakini bila donge lililoandaliwa vizuri hauna cha kufanya.

Yanayosemwa mitaani

Inasemwa sumaku huisha nguvu kwa kutumika. Hapana. Kuvuta hakuichoshi. Inachoogopa ni joto, kutu, na uga mkali wa kinyume. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80, kwa hiyo fundi simu anayeelekeza blowa karibu na spika anaweza kuiua bila kuigusa.

Inasemwa pia, na video ni nyingi, kwamba sumaku zikipangwa kwa ustadi kwenye gurudumu zitazunguka milele na kuwasha nyumba nzima. Sumaku haina mafuta ndani yake. Inachokupa inapovuta kitu kikija, inakudai chote kitu kinapotaka kuondoka, na mzunguko mmoja ukikamilika hakuna kilichobaki. Ile ya pikipiki inazalisha umeme kwa sababu petroli inaizungusha. Naandika hili kwa uchungu, kwa sababu watu wanatoa akiba zao kununua jenereta za namna hiyo.

Bangili za sumaku za kutibu maungo nazo zinauzwa kila soko. Wagonjwa walipopewa bangili halisi na za bandia bila kuambiwa ipi ni ipi, utafiti haukuonyesha kwamba sumaku ndiyo iliyopunguza maumivu. Kuna hatari moja ya kweli ambayo haitajwi sana: mtoto akimeza vipande viwili vya neodimiamu, vinaweza kubana utumbo katikati yao na kuutoboa. Akimeza, ni kukimbilia hospitali papo hapo, hata kama anacheza na hana maumivu.

Tungeanzia wapi

Mimi ningeanza na feraiti. Kwa nguvu inazidiwa mbali na neodimiamu, lakini kwa uzito ndiyo inayotengenezwa zaidi duniani, na malighafi zake ni oksaidi ya chuma pamoja na chumvi ya strontiamu au bariamu. Feraiti ni kauri, jamii moja na vigae. Haihitaji tanuri lisilo na hewa, haiwaki ikiwa unga, na haishiki kutu. Malighafi huchanganywa na kuchomwa, husagwa kwa maji hadi kuwa laini sana, hukandamizwa ndani ya uga sumaku, kisha huchomwa tena kwenye nyuzi kama 1,200. Oksaidi ya chuma nyingi inayotumiwa na viwanda hivyo duniani hutokana na asidi inayosafishia mabamba ya chuma kwenye viwanda vya mabati na bati.

Ujuzi wa kusaga udongo na kuuchoma kwa joto kubwa tunao Mkuranga, Chalinze na Kajiado, ambako vigae vya sakafu vinatoka kila siku. Tofauti ni shinikizo lenye uga sumaku, upimaji wa makini zaidi wa unga, na maabara ya kupima kilichotoka. Hayo yanafundishika. Wanunuzi nao wapo: pikipiki zilizojaa barabarani kuanzia Mwanza hadi Malindi zina sumaku zilizogundishwa kwenye gurudumu la injini, na zikipasuka au kung'oka, kifaa cha kubadilisha kinasubiriwa kwenye kontena bandarini.